Treni ya Ngolo Mia Nne

TANGAZO. Wananchi wote wa kijiji cha Lipembo mnatangaziwa kwamba futikamba ya ofisi ya kijiji, yenye urefu wa mita thelathini na rangi ya manjano, haitaazimishwa kwa mtu yeyote kuanzia Jumatatu hadi Jumatano ijayo, iwe kwa kupimia kiwanja, kaburi au turubai la harusi, kwa kuwa itakuwa katika shughuli za Serikali. Aliyenayo hivi sasa airejeshe kabla ya saa sita mchana siku ya Jumapili. Imetolewa na Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji.

Tangazo hilo lilisomwa mara mbili baada ya Misa, kisha likabandikwa ubaoni juu ya tangazo la chanjo ya mbwa. Futikamba ilirudi Jumapili jioni, mikononi mwa fundi mmoja wa nyumba aliyeikabidhi kwa sharti la kutoulizwa ilikokuwa. Mtendaji wa kijiji, Bi. Avelina, aliipokea, akaifungia kabatini, akaandika katika daftari kwamba ipo.

Shughuli ya Serikali iliyohitaji futikamba ilikuwa kupima urefu wa treni. Treni yenyewe haikuwepo. Reli pia haikuwepo. Kilichokuwepo ni vigingi vyenye vichwa vyekundu, vilivyopigwa na wapima ardhi miaka miwili kabla, kuonyesha mahali ambapo reli ingepita siku ingejengwa, ikichukua makaa ya mawe kutoka upande wa Ngaka na kuyateremsha hadi ziwani. Lakini Serikali yenye busara haisubiri kitu kiwepo ndipo ikidhibiti, na mwezi wa Mei Ofisi ya Kanda ya Udhibiti wa Misafara ya Mizigo ilivitumia vijiji kumi na vinne rasimu ya kanuni za urefu wa treni za mizigo, pamoja na fomu ya kukusanya maoni. Rasimu ilipendekeza kwamba treni isizidi mita elfu moja na mia mbili. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa: Urefu mnaoupendekeza.

Vijiji kumi na vitatu viliandika ndani ya kisanduku hicho maneno yanayofanana: tunaunga mkono. Lipembo kiliandika tarakimu. Kiliandika 400.

Tarakimu hiyo ilitoka kwa Restituta, mjane wa miaka hamsini na minane, mkulima wa kahawa na mahindi, ambaye hakuwa na cheo chochote kijijini wala hakuwahi kukitaka. Katika mkutano wa hadhara ulioitishwa kwa ajili ya fomu ile, mwenyekiti wa kijiji, mzee Pankras, alisoma rasimu yote kwa sauti ya kanisani, akauliza kama kuna maoni, na alikuwa tayari ameshaanza kufunga kalamu yake Restituta aliposimama.

"Mwenyekiti, hiyo treni ya mita elfu moja na mia mbili itasimama hapa Lipembo au itapita tu?"

"Itasimama. Wapima walisema hapa pana njia ya kupishana. Inayokwenda ziwani inaisubiri inayorudi."

"Inasubiri kwa muda gani?"

"Mama, treni haijanunuliwa. Tutajuaje inasubiri muda gani?"

"Kama mnajua urefu wake kabla haijanunuliwa, na huo mtaujua."

Watu walicheka. Jirani yake Notburga, ambaye amekuwa akimtania kwa miaka thelathini bila kuchoka, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Treni yenyewe hatujaiona, mwenzetu ameshaanza kuikata mkia!"

Restituta alingoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja mvua ya rasharasha ipite, kisha akaeleza. Nyumba yake, pamoja na nyumba nyingine ishirini na tatu, iko upande wa juu wa vigingi. Mtambo wa kumenya kahawa mbivu uko upande wa chini, kando ya kijito, kwa sababu mtambo unahitaji maji. Kutoka juu kwenda chini kuna njia mbili tu, ya mtambo na ya kanisa. Baada ya njia ya mtambo kuna korongo ambalo hata mbuzi hulifikiria mara mbili. Baada ya njia ya kanisa kuna mto. Treni fupi ikisimama katikati ya njia hizo mbili haimzuii mtu. Treni ndefu ikisimama hapo itaziba zote mbili, na watu wa juu watakaa juu.

"Tutapita chini ya behewa," Notburga alisema.

"Pita. Ukiwa chini ndipo itakapokumbuka safari."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wote walikuwa wanajua kilichompata mwaka uliotangulia. Lori la makaa lilikwama kwenye daraja la njia ya mtambo siku ambayo njia ya kanisa ilikuwa imekatwa na maji, na Restituta alisimama na mifuko yake ya kahawa mbivu hadi jioni. Mtambo hufungwa saa kumi na moja. Kahawa iliyochumwa leo na kumenywa kesho huchachuka, na kikundi cha wakulima chenye mtambo huikataa, nacho kina haki. Walimkatalia mara mbili msimu ule.

Sasa alikuwa na miche mia tatu ya kahawa katika viriba vya plastiki, nyuma ya nyumba, chini ya kichanja cha nyasi. Mibuni yake ya zamani ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, na ilizaa kwa mazoea tu. Mvua za Novemba zikianza, miche ile ilipaswa kuingia ardhini. Mwaka mmoja zaidi ndani ya viriba na mizizi yake ingejisokota, isiwe na maana tena. Mbuni huchukua miaka mitatu kuzaa na unaweza kuishi kuliko aliyeupanda. Mtu hapandi kitu cha namna hiyo mahali ambapo hajui kama mazao yake yatavuka. Kama yasingevuka, angegawa miche kwa watu wa upande wa chini na shamba lake angelirudisha kwenye mahindi. Alitaka kujua kabla ya mvua. Hilo ndilo aliloomba, na hakuomba lingine.

"Basi unapendekeza ngapi?" Pankras aliuliza.

"Mia nne."

"Mia nne," Bi. Avelina alirudia, akaandika.

Hapa ndipo palipotokea kosa, na ni haki kusema kwamba lisingeweza kutokea mahali pengine popote. Umatengoni, ambako Lipembo ipo, mtu aliyekulia shambani akitaja idadi kwa kunyoosha mkono kuelekea mlimani, hakuna anayemuuliza idadi ya nini. Ni ngolo. Ni yale mashimo ya mraba ambayo wakulima wa huko huyachimba mlima mzima, shimo kwa shimo, safu kwa safu, kuzuia maji yasiteremke na udongo. Restituta alikuwa ameinyooshea mkono safu ya ngolo inayopita juu kidogo ya vigingi, kutoka njia ya mtambo hadi njia ya kanisa. Mkutano mzima ulimwelewa. Bi. Avelina, ambaye mama yake alichimba ngolo hadi wiki aliyozaliwa yeye, alimwelewa kuliko wote, na kwa sababu hiyo hiyo hakuona haja ya kuandika neno lenyewe. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja. Aliijaza.

Ofisi ya Kanda ilisoma mita mia nne. Ikaonekana kwamba kijiji kimoja cha wakulima kilikuwa kinadai treni fupi kuliko jukwaa la stesheni, na ofisi ikaamua, kwa gharama ambazo haifai kuziuliza, kumtuma mtu akaone kuna nini.

Mtu huyo aliitwa Injinia Aidan. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Liuli, mtoto wa mvuvi, na alifika Jumatatu ya pili ya Septemba akiwa na shati lililopigwa pasi na barua mbili. Ya kwanza ilimtambulisha. Ya pili ilieleza kwamba kifaa cha kupimia cha ofisi kilikuwa kwenye matengenezo, ndiyo maana kijiji kiliombwa kutayarisha futikamba.

Katika ofisi ya kijiji alizungumza kwa upole wa mtu aliyekwishaamua. Alieleza kwamba treni ya mita mia nne, ukiondoa vichwa vyake, hubeba makaa machache mno kiasi cha kutolipa hata mafuta yake. Alieleza kwamba ofisi inaheshimu maoni ya wananchi. Alieleza kwamba maoni, hata hivyo, yanapaswa kuwa na msingi.

"Msingi upo," Restituta alisema kutoka kwenye benchi la mlangoni. Alikuwa ameitwa kama mtoa maoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani amekwambia ni mita?"

Injinia aliifungua fomu, akaiangalia, akamwangalia Bi. Avelina. Bi. Avelina aliangalia dirishani.

"Kama si mita ni nini?"

"Ngolo," walijibu watu wanne kwa pamoja, kwa mshangao wa watu waliotakiwa kueleza kwamba maji ni maji.

"Mimi ni mtu wa ziwani," Aidan alisema. "Ngolo nimeziona kwenye picha."

"Mtu wa ziwani!" Pankras alisema, akamgeukia kwa huruma. "Injinia, shamba mnalijua kweli ninyi?"

"Tunalijua, mzee. Ndiko yanakotoka maharage ya kulia usipa, dagaa wetu wa ziwani."

"Amejibu," Restituta alisema. "Twende akazione."

Walipanda kwenye saa tatu asubuhi. Maharage yalikuwa yameshavunwa na mlima ulikuwa wazi, umejaa mashimo toka chini hadi juu kama sega la nyuki. Safu iliyotajwa ilipita usawa mmoja na vigingi, karibu hatua arobaini juu yake, na ilivuka mashamba ya familia sita bila kupinda ilipovuka mpaka.

Aidan alitaka kujua kitu ambacho mtu yeyote makini angetaka kukijua, nacho ni kama ngolo moja inalingana na nyingine.

"Tunavyofanya ni hivi," Restituta alisema. "Wanaume wanalaza nyasi kwa mistari, wima na mlalo. Sisi wanawake tunachimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo. Kwa hiyo kosa la mwanamume ama litafunikwa na mwanamke ama litakataliwa na mwanamke."

"Na hapa lilikuwa linafanywa lipi?"

"Hapa alikuwepo mama mkwe wangu."

Mama mkwe huyo, marehemu Vitalia, alikuwa na ufito mmoja aliotembea nao mlimani kila msimu wa kulaza nyasi. Hakuwa na ugomvi na mtu. Aliweka ufito juu ya mraba, na kama mraba haukulingana aliupiga teke nyasi zikatawanyika, akaenda kwenye mraba unaofuata. Wanaume wa familia zote sita walilalamika kwa wazee. Wazee walikwenda kuangalia, na mvua kubwa ya mwaka ule ikawasaidia kuamua, kwa sababu mashamba ya ng'ambo ya mto, ambayo hayakuwa na Vitalia, yaliteremka hadi mtoni yakiwa na mihogo yake. Kuanzia hapo ufito ulikubaliwa mlima mzima. Maji, tofauti na wanakijiji, hutafuta shimo moja lililokosewa na kupita hapo hapo.

Aidan alisikiliza bila kuandika. Kisha akasema, "Bibi yangu alipima nyavu kwa pima za mikono yake. Mnunuzi mmoja akamletea mita. Bibi akamwambia, hiyo mita yako inyooshe hapa niipime."

"Akaipima?"

"Akaipima. Akasema ni fupi."

"Huyo tungeelewana," Restituta alisema.

Walianza na ngolo ishirini. Watafiti wa chuo waliowahi kukaa shambani kwa Restituta wiki mbili walikuwa wamemwambia kwamba ngolo yake ni mita moja na nusu, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa hiyo ishirini zilipaswa kuwa mita thelathini kamili, yaani futikamba nzima. Pankras alishika mwanzo wa kamba, Aidan akashika mwisho. Ngolo ya ishirini ilizidi kamba kwa upana wa kiganja hivi.

"Karibu sawa," Aidan alisema kwa ukarimu.

Restituta aliangalia kile kiganja cha ardhi kilichobaki nje ya kamba.

Kisha walipima safu yote. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu Pankras alisalimiana na kila mwenye shamba, na kila mwenye shamba alitaka kujua habari za treni. Restituta alitembea nyuma yao akihesabu kwa midomo. Walipofika njia ya kanisa, Aidan alijumlisha kwenye daftari lake.

"Mita mia sita ishirini na tisa na nusu."

"Ngolo mia nne kumi na nane," Restituta alisema.

Aidan alizidisha. "Hizo ni mia sita ishirini na saba. Mama, nakupa hongera. Tofauti ya mita mbili na nusu katika umbali huu, kwa kuhesabu mashimo? Nakubali kabisa."

"Mimi sikubali."

"Hapana, nakusifu."

"Nimesikia. Mbili na nusu ni ngolo nzima na zaidi ya nusu. Nimetembea mlima huu tangu nikiwa bibi harusi, sijawahi kuona ngolo ikipotea. Angalia kamba yako."

Pankras alicheka. "Restituta, sasa unabishana na kamba ya Serikali?"

"Nyoosha hapa mwanzo wake, mwenyekiti."

Pankras aliunyoosha. Mwanzo wa futikamba ulikuwa umekatwa kwa kisu, vizuri, na alama ya kwanza iliyosomeka ilikuwa kumi na mbili. Mahali fulani kijijini kulikuwa na mlango uliofungwa kwa sentimita kumi na mbili za Serikali.

"Mzee," Aidan alisema polepole, "umeishika hapa tangu asubuhi. Hukuona?"

"Niliona. Nilidhani zote huanzia kumi na mbili."

Aidan alikaa chini, juu ya tuta la ngolo ya mia nne kumi na nane. Kamba ilikuwa imelazwa mara ishirini na moja. Mara ishirini na moja, sentimita kumi na mbili. Aliandika, akajumlisha, akapata mita mbili na sentimita hamsini na mbili. Alizitoa. Zilibaki mita mia sita ishirini na saba, bila kuzidi hata kiganja.

Ni vigumu kwa mtu asiyependa kusifu kueleza kilichofuata, kwa hiyo kielezwe kama kilivyokuwa. Injinia alisimama, akafuta suruali yake, akaangalia mlima ule wote kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Ulikuwa umepimwa bila kifaa na watu ambao hakuna chuo kilichowapa cheti. Vipimo vyake viliandikwa ardhini, vikahakikiwa kila masika na mvua, ambayo haipokei maelezo. Mlima huo ulichimbwa upya msimu baada ya msimu na wanawake ambao leo wengi wao wako makaburini kando ya kanisa. Kati ya vyombo vyote vya upimaji vilivyohusika asubuhi ile, huo ndio pekee uliokuwa sahihi.

"Mia nne kumi na nane," alisema hatimaye. "Lakini mliandika mia nne."

"Tisa kila upande ni za watu kupita. Mtu mwenye gunia kichwani hapiti kwenye upenyo wa kidole."

Aliandika hilo pia. Kisha Restituta akamuuliza kile alichotaka kumuuliza tangu Mei.

"Mwanangu, hiyo treni itasimama hapa kwa muda gani?"

Angeweza kusema kwamba ratiba haijatolewa. Jibu hilo lilikuwepo, limeandaliwa, na maofisa wengi wameishi nalo hadi kustaafu. Aidan alifungua mkoba, akatoa karatasi ambayo huenda hakuruhusiwa kuitoa, akasoma.

"Dakika mia moja. Kila alasiri. Kuanzia saa tisa na nusu."

"Hadi baada ya mtambo kufungwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi andika kwamba kinachonizuia si treni kupita. Kupita, hata iwe ndefu kama mwaka, nitangoja nikisali rozari. Kinachonizuia ni kusimama. Isimame ndani ya ngolo mia nne, nami nitapanda kahawa yangu. Na unijibu kabla ya mvua, maana miche haina subira ya ofisi."

Aliandika. Aliandika palepale, daftari likiwa juu ya goti, na alimsomea kila sentensi kabla ya kwenda kwenye nyingine. Restituta alisahihisha mara mbili. Taarifa ile, ambayo nakala yake Bi. Avelina aliitunza, ni moja kati ya nyaraka chache za Serikali ambazo mtu anaweza kuzisoma toka mwanzo hadi mwisho bila kuhisi kwamba mwandishi wake anamkimbia mtu. Inasema kwamba pendekezo la kijiji ni mita mia sita. Inasema kwamba limetokana na upimaji ulio sahihi kuliko ule wa ofisi. Inasema sababu. Haina hata sehemu moja yenye neno "mchakato".

"Wataisoma?" Restituta aliuliza.

"Nitaisoma mbele yao mwenyewe," Aidan alisema, na ilikuja kujulikana baadaye kwamba alifanya hivyo, mara mbili, katika vikao viwili, na katika kikao cha pili aliombwa akae.

Oktoba ilipita. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa ziwa, yakipanda mlima mchana na kurudi bila kushusha kitu. Restituta alichimba mashimo mia tatu ya kahawa, kwa sababu shimo, alisema, halimdai mtu. Likikosa kahawa litapokea ndizi. Alimwagilia miche asubuhi na jioni. Notburga, aliyekuwa akimsaidia kubeba maji, alimuuliza kila siku kama treni imeshamwandikia barua.

"Bado. Labda inatafuta anwani."

"Ingekuwa mwanaume ungeshamwacha."

"Mwanaume ningemwonyesha ufito."

Barua ilifika tarehe kumi na nne Novemba, siku ya pili ya mvua. Mkutano uliitishwa darasani kwa sababu uwanja ulikuwa matope. Restituta alikuja moja kwa moja kutoka shambani, udongo ukiwa magotini. Alikuwa hajapanda hata mche mmoja. Alikaa dawati la mbele, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka saba, akaweka mikono juu yake.

Pankras alisoma. Aya ya kwanza iliishukuru Lipembo kwa mchango wake wa kipekee. Aya ya pili ilisema kwamba Ofisi ya Kanda, baada ya kuzingatia maoni yaliyowasilishwa na taarifa ya mtaalamu wake, imekubali kupunguza urefu wa juu wa treni za mizigo katika sehemu ya Lipembo kutoka mita elfu moja na mia mbili hadi mita mia sita, na kwamba kipimo hicho kitaitwa rasmi, katika jedwali la kanuni, Kikomo cha Lipembo.

Darasa lililipuka kwa makofi. Notburga alipiga vigelegele. Mtu alisema sasa kijiji kipo kwenye vitabu, mwingine akasema Vitalia angekuwepo angeupima huo mstari wa jedwali. Pankras alikunja barua akaanza kupiga makofi na yeye.

Restituta hakupiga makofi.

"Mwenyekiti, umekunja na aya ya tatu."

"Ni ya ufafanuzi tu, mama."

"Isome."

Aliikunjua. Aliisoma kwanza kwa macho, na waliokaa karibu walimwona akirudi mwanzo wa mstari. Kisha akaisoma kwa sauti, mara moja, upesi. Watu waliulizana kilichosemwa. Nje mvua iliongezeka juu ya bati.

"Mzee Pankras," Restituta alisema, "mashimo yangu yanajaa maji. Nataka kwenda ama kupanda ama kugawa miche. Soma tena, polepole."

Pankras alisogea dirishani kwenye mwanga, akanyoosha karatasi, akasoma neno kwa neno:

"Tatu. Kwa madhumuni ya kanuni hizi, treni maana yake ni mabehewa yaliyounganishwa yakiwa katika mwendo. Mabehewa yaliyosimama, kwa muda wowote na kwa sababu yoyote, hayatahesabiwa kuwa treni, na Kikomo cha Lipembo hakitayahusu. Urefu wa mabehewa yaliyosimama utaamuliwa kwa kanuni za maegesho, ambazo zitaandaliwa, kwa kushirikisha wananchi, miezi kumi na miwili baada ya reli kuanza kutumika. Uamuzi huu ni wa mwisho."